Kutu, madoa na mikwaruzo kwenye sarafu za mkusanyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapofungua kisanduku cha zamani na kukuta sarafu zenye rangi asizozitarajia. Majibu mengi yatakuambia uziache zilivyo. Nasema hivyo kwa sababu nimeona sarafu nyingi zaidi zikiharibika ndani ya dakika tano za kusuguliwa kuliko ndani ya miaka mingi ya kukaa kwenye droo. Lakini ziko hali chache ambazo kusubiri ndiko kunakoua sarafu, na hizo nimezieleza kwa urefu.

Nimepata sarafu chafu. Nianze na nini?

Anza kwa kuitazama. Ishike kwa ukingo, juu ya taulo laini ili ikiponyoka isigonge meza. Washa taa moja tu, iwe upande mmoja, kisha igeuze polepole chini ya lenzi inayokuza mara tano hadi kumi. Piga picha pande zote mbili, na kama una mizani ndogo, andika uzito wake.

Unatafuta mambo matatu. Je, kuna kitu kinachonata? Kuna unga unaopukutika? Kuna mahali ambapo sura ya sarafu imechimbika? Kama jibu ni hapana kwa yote matatu, hakuna dharura. Iweke mahali pakavu, kisha baada ya wiki mbili ilinganishe na picha zako. Kutu iliyolala haisogei. Kutu iliyo hai utaikuta imepanuka, au utakuta vumbi jipya chini ya sarafu.

Patina ni nini, na inatofautianaje na kutu?

Kikemia ni ndugu wa damu. Zote mbili ni metali ya sarafu iliyoungana na hewa, unyevu, salfa au chumvi. Tofauti iko kwenye tabia. Patina ni tabaka jembamba, gumu, lililoshikana na kufuata kila mstari wa picha na maandishi. Tabaka hilo huikinga metali iliyo chini yake. Kutu mbaya haijashikana: inapukutika, inavimba, inachimba vishimo, na inaendelea kula.

Usiamue kwa rangi peke yake. Bronzi ya kale, yaani shaba iliyochanganywa na bati, inaweza kuwa na kijani kilichokolea, laini na kigumu kama kioo, na wakusanyaji huithamini kuliko metali tupu. Kijani hafifu cha unga kwenye sarafu hiyohiyo ni habari mbaya. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kiguse doa kwa upole mahali pasipo na picha. Kisipotoa kitu, huenda unatazama patina. Kikitoka na unga, soma swali la ugonjwa wa bronzi hapa chini kabla ya kufanya lolote.

Kwa nini nisiing'arishe tu? Si itapendeza zaidi?

Itang'aa, ila mng'ao huo si wake. Sarafu inapogongwa kiwandani, metali hutiririka kwa nguvu kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mistari hiyo ndiyo hurudisha mwanga kwa namna ya pekee: ukiiinamisha sarafu mpya chini ya taa, mwali huzunguka uso wake kama mapanga ya feni. Ukisugua, unakata vilele vya mistari hiyo. Mwali unakufa, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Hata kitambaa safi cha pamba hakifai. Vumbi la kawaida lina chembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko fedha, shaba na dhahabu, na kitambaa kinazikokota juu ya sarafu. Matokeo yake ni michirizi myembamba iliyolala sambamba. Mkusanyaji mzoefu huiona mara tu anapoitega sarafu kwenye mwanga.

Kumbuka pia kwamba ile rangi nyeusi au kahawia imetengenezwa kwa metali ya sarafu yenyewe. Ukiiondoa, umeondoa ngozi ya sarafu, na mistari myembamba ya nywele za picha na ya herufi inaondoka nayo.

Limau, siki, dawa ya meno, soda ya kola je?

Hapana kwa vyote. Limau na siki ni asidi: shaba hutoka na rangi ya waridi isiyo ya asili, na kisha hurudi kuwa na mabaka. Soda za kola zina asidi ya fosforiki. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia. Majivu, mchanga na stilwaya sitavizungumzia zaidi ya kusema kwamba nimeona vilichofanya na inaumiza kutazama. Brashi ya waya inayozungushwa na mashine ni jambo baya zaidi, kwa kuwa hutumika kutengeneza mng'ao wa bandia wa kumdanganya mnunuzi.

Basi kuna usafi wowote ulio salama?

Upo, nao ni wa kuloweka bila kusugua. Udongo uliokauka hulainika kwenye maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na madini wala klorini. Maji ya bomba yana vyote viwili na huacha madoa. Weka sarafu kwenye chombo cha kioo, badilisha maji kila siku, na uwe tayari kusubiri siku kadhaa. Udongo mkaidi ubembeleze kwa kijiti cha mbao kilicholowa. Ukimaliza, ilaze kwenye karatasi laini inayonyonya maji na uigonge-gonge kwa upole. Usiifute.

Tahadhari moja ya lugha: wengi huyaita maji haya "maji ya betri", na jina hilohilo hutumika kwa asidi ya betri. Soma lebo. Ukikosea hapo, sarafu na vidole vyako vitakuwa hatarini pamoja.

Utando wa kijani unaonata umetokea wapi? Sarafu ilikuwa ndani ya plastiki muda wote.

Ni hiyo plastiki. Vifuko laini vyenye harufu ya pazia jipya la bafu hutengenezwa kwa PVC iliyochanganywa na vilainishi. Kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto, vilainishi hutoka na PVC yenyewe huachia asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba iliyomo kwenye sarafu, na ndiyo maana hata sarafu za fedha hupata utando wa kijani: fedha ya sarafu mara nyingi huchanganywa na shaba ili iwe ngumu.

Hii ni mojawapo ya hali zisizosubiri. Toa sarafu zote kwenye vifuko hivyo, hata zinazoonekana safi. Ukiwahi, utando utaondoka wote kwa asetoni na sarafu itabaki nzima. Ukichelewa, utaondoa utando na kukuta uso ulio chini yake umefifia au umetobolewa, na hapo hakuna la kufanya.

Asetoni inatumiwaje?

Asetoni huyeyusha mafuta, gundi na mabaki ya PVC bila kugusa metali wala patina. Ndiyo maana naiheshimu kuliko dawa nyingine yoyote ya sarafu. Lakini iwe asetoni tupu. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi huwa na manukato, rangi na mafuta, nayo yatabaki kwenye sarafu.

Tumia vyombo viwili vya kioo, kwa sababu plastiki nyingi huyeyuka ndani yake. Loweka sarafu kwenye chombo cha kwanza kwa dakika kumi hadi usiku mzima, kutegemea unene wa utando. Funika, maana asetoni hupotea hewani haraka. Kisha isuuze kwenye chombo cha pili chenye asetoni mpya, ili uchafu ulioyeyuka usikaukie tena juu yake. Iache ikauke yenyewe.

Mvuke wa asetoni hushika moto kwa urahisi sana. Fanya kazi hii mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, mshumaa, sigara na swichi zinazotoa cheche. Sarafu za shaba zisikae kwenye jua zikiwa ndani yake.

Nimeona unga wa kijani hafifu kwenye sarafu ya kale ya bronzi. Ni hatari?

Ndiyo, na hili ndilo swali ninalotamani kila mwenye sarafu za kale alisome mapema. Huitwa ugonjwa wa bronzi, ingawa hauna vijidudu. Sarafu iliyokaa muda mrefu kwenye udongo wenye chumvi hunyonya kloridi, nayo hukaa ndani kabisa ikiwa kloridi ya shaba. Ikifikiwa na unyevu na oksijeni, hugeuka kuwa unga wa kijani na wakati huohuo hutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hushambulia shaba mpya na kutengeneza kloridi mpya, ambayo nayo husubiri unyevu. Mzunguko huo haujichoshi. Sarafu iliyokaa imara ardhini kwa karne nyingi inaweza kuharibika ndani ya miezi michache kwenye chumba chenye unyevu.

Hatua ya kwanza ni ukavu. Itenge, iweke kwenye kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na vijipakiti vya silika, na unyevu wa hewa ushuke chini ya asilimia 40. Ukavu peke yake huufanya ugonjwa usimame.

Hatua ya pili ni kuondoa unga kwa kijiti cha mbao chini ya lenzi, taratibu, bila kuchimba patina nzima iliyo jirani.

Hatua ya tatu ni kutoa kloridi. Njia ya upole ni kuloweka kwenye maji yaliyokenekwa yanayobadilishwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Njia yenye nguvu zaidi ni mmumunyo wa asilimia 5 wa seskwikaboneti ya sodiamu, nao pia hubadilishwa mara kwa mara kwa wiki au hata miezi. Msomaji makini atatambua kwamba seskwikaboneti ndiyo kiini cha magadi. Ni kweli, lakini usitumie magadi ghafi: huja yamechanganyika na chumvi, na chumvi ndiyo unayojaribu kuitoa. Ujue pia kwamba dawa hii inaweza kubadilisha rangi ya patina, kwa hiyo siitumii kabla ya kujaribu ukavu na maji.

Baada ya hapo sarafu husuuzwa vizuri na kukaushwa kabisa, hadi ndani ya vishimo, kisha huangaliwa kwa wiki kadhaa. Wahifadhi wa makumbusho hutumia pia benzotriazoli, ambayo hufunga shaba isishambuliwe tena. Ni sumu. Mwachie mtaalamu mwenye maabara. Ulinzi wa mwisho huwa ni tabaka jembamba la nta ya maikrokristali, ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za British Museum miaka ya 1950.

Usimwamini anayekuambia sarafu imepona kabisa. Ugonjwa huu hulala, na unyevu unaweza kuuamsha.

Sarafu yangu ya fedha imekuwa nyeusi. Niioshe?

Fedha haibadiliki rangi kwa sababu ya oksijeni bali kwa sababu ya salfa: hewa chafu, sufu, mpira, na karatasi au maboksi ya hali ya chini. Tabaka la salfidi ya fedha likiwa jembamba sana, mwanga hucheza ndani yake na kutoa rangi za dhahabu, zambarau, buluu na kijani. Likizidi unene, rangi hizo hupotea na kubaki nyeusi. Zile rangi za kati zinapotokea zenyewe, zikitiririka vizuri kutoka ukingoni kuelekea katikati, watu huzitafuta na kuzilipia. Kuziosha ni hasara tupu.

Dawa za kuchovya zinazouzwa kwa ajili ya fedha nyingi hutumia thiourea na asidi. Zinafanya kazi ndani ya sekunde, na kila mchovyo hula kiasi cha ile mistari ya mtiririko niliyoieleza juu. Sarafu iliyochovywa mara nyingi huwa nyeupe lakini imekufa, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Njia ya karatasi ya alumini, maji moto na bikaboneti ya soda husifiwa sana kwa kuwa haiondoi metali, bali huirudisha salfidi kuwa fedha. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba fedha inayorudi hairudi kwenye uso laini uleule, hukaa ovyo na kuacha weupe usio na uhai. Kwa vijiko ni sawa. Kwa sarafu unayoipenda, hapana.

Madoa meupe kama maziwa kwenye sarafu mpya ya fedha safi?

Hutoka kiwandani na yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye. Asetoni haiyatoi, na kinachoyatoa kwa kawaida huharibu uso. Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha Kanada, ilianza mwaka 2018 kutumia mbinu iliyoiita MintShield ili kuyapunguza kwenye sarafu zake za Maple Leaf za fedha. Kwa ambazo tayari zina madoa, ushauri wangu ni kuyakubali.

Zinki, chuma na alumini zina kutu za aina gani?

Hizi ni metali zisizosamehe. Senti ya Marekani tangu 1982 ni zinki kwa asilimia 97.5 iliyovikwa shaba nyembamba. Mkwaruzo mmoja ukifika kwenye zinki, kutu huanza kula kwa ndani na shaba ya juu huvimba kama lengelenge. Hakuna tiba.

Senti ya Marekani ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki. Mabati yalipakwa zinki kabla ya vipande kukatwa, kwa hiyo ukingo wa sarafu ulibaki chuma kitupu, na ndiko kutu nyekundu huanzia. Senti 1, 2 na 5 za yuro nazo ni chuma kilichovikwa shaba. Zote hizi zisilowekwe kwenye maji muda mrefu. Zikilowa, zisuuze kwa asetoni ili maji yote yatoke. Alumini huota unga mweupe na vishimo, hasa penye chumvi, na huchubuka kirahisi sana.

Dhahabu haipati kutu. Mbona yangu ina doa jekundu?

Shaba iliyochanganywa na dhahabu haikusambaa sawasawa ikabadilika rangi mahali hapo, au chembe ya shaba ilibanwa juu ya uso kiwandani. Ni la asili. Liache.

Mafuta ya zeituni yanasaidia?

Watu wamelowekea sarafu za shaba humo kwa miezi mingi, na kweli hulegeza uchafu. Lakini mafuta hayo yana asidi kidogo, huipa shaba weusi usiotabirika, na huganda yakizeeka. Kama ni lazima mafuta, tumia ya madini, yasiyo na asidi, kisha yaondoe kwa asetoni.

Mkwaruzo unaweza kuondolewa?

Hapana. Mkwaruzo ni metali iliyosukumwa kando au kupotea. Kuuondoa maana yake ni kusaga kila kilicho jirani hadi kilingane nao, au kuujaza. Kuchonga upya nywele na herufi za sarafu iliyochakaa nako ni uharibifu, hata mkono ukiwa stadi namna gani.

Kabla ya kusikitika, hakikisha ni mkwaruzo kweli. Tega sarafu kwenye mwanga. Mstari uliochimbika ni mkwaruzo. Mstari ulioinuka ulitoka kwenye muhuri uliogonga sarafu, pengine ulipokuwa umesuguliwa kiwandani, na huo ni sehemu ya kuzaliwa kwake. Kwenye sarafu za zamani za fedha na dhahabu utakuta pia alama za tupa zilizochimbika lakini zikabanwa na picha: mafundi walipunguza uzito wa kipande kilichozidi kabla ya kukigonga. Nazipenda alama hizo, kwa sababu zinaonyesha mkono wa mtu.

Sarafu ya kale ya fedha inaweza kuvunjika?

Ndiyo. Fedha iliyokaa ardhini muda mrefu huweza kuwa dhaifu kama biskuti, ingawa kwa macho ni nzima. Usiiangushe mezani kusikia mlio wake, usiibane, wala usiitie kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti.

Niihifadhi vipi isirudie?

Vifuko na vikasha viwe vya Mylar (utando wa polyesta), polipropilini au akriliki ngumu. Vile vikadi vinavyofungwa kwa pini za stepla ni sawa ikiwa utando wake wa ndani ni Mylar na pini zimelazwa kwa koleo, maana ncha moja iliyochomoza hukwaruza sarafu ya jirani, na pini yenyewe hushika kutu.

Weka mbali na raba bendi, sufu, maboksi ya kawaida na mbao za mwaloni. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, na sarafu au mihuri ya risasi huliwa nao haraka. Vijipakiti vya silika hushiba: vikaushe au vibadilishe kwa ratiba. Ukitoa sarafu kwenye chumba baridi kwenda kwenye joto, iache ndani ya kisanduku hadi ipate joto la chumba, la sivyo umande utaganda juu yake.

Na vidole: jasho lina chumvi, mafuta na asidi. Alama ya kidole haionekani siku hiyo, hujitokeza baadaye ikiwa imejichora kwenye metali. Ukigusa uso kwa bahati mbaya, suuza kwa asetoni siku hiyohiyo.

Kampuni za ukadiriaji zitaipokea sarafu iliyosafishwa au yenye kutu?

Zitaithibitisha kama ni halisi, lakini kampuni mbili za Marekani, PCGS, iliyoanza kazi 1986, na NGC, iliyoanzishwa 1987, hazitaipa namba kwenye kipimo cha ubora cha 1 hadi 70. Huandika "Details" pamoja na sababu: imesafishwa, imekwaruzwa, ina kutu. Thamani hushuka, mara nyingine sana. Ukiiuza bila kasha la kampuni, mweleze mnunuzi ulichokifanya kabla hajauliza.

Nimeshaisugua. Nifanye nini sasa?

Usiongeze kitu. Kama ulitumia asidi au dawa, isuuze kwa maji mengi yaliyokenekwa, kisha asetoni, ili mabaki yasiendelee kula. Usijaribu kuipaka rangi kwa salfa, yai au moto ili ionekane ya zamani. Rangi hiyo hujulikana, na utakuwa umeongeza udanganyifu juu ya jeraha.

Iweke mahali pakavu na uipe miaka. Nina sarafu ya shaba niliyoisugua kwa limau nilipoanza kukusanya. Ilitoka ya waridi, nami nilifurahi kwa siku mbili. Leo imerudi kuwa kahawia, ina mabaka, na michirizi yangu bado iko palepale ukiitega kwenye taa. Naiweka juu kabisa ya kisanduku, nikifungua niione kwanza.